Manowari ya Sultani juu ya meza ya nyumbani

Neno manowari halikuzaliwa Pwani. Lilitoka katika vinywa vya mabaharia wa Kiingereza, likashuka gatini, likalainishwa na ndimi za Waswahili mpaka likawa letu. Leo mtoto wa Unguja, Tanga au Mombasa hulitamka bila ya kujua kwamba lilisafiri pamoja na mizinga. Hata hivyo, isidhaniwe kuwa manowari zilikuwa za wageni peke yao. Mwaka 1836 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alimtunukia Mfalme William wa Nne wa Uingereza manowari yake iitwayo Liverpool, yenye mizinga 74, iliyoundwa Bombay mwaka 1826. Waingereza waliipokea katika jeshi lao la majini na wakaiita Imaum, kwa kumtukuza aliyeitoa.

Miaka 60 baada ya zawadi hiyo, manowari za Uingereza zilijipanga mbele ya mji wa Zanzibar na kuizamisha meli iliyoitwa Glasgow, ambayo iliagizwa na mwana wa huyo huyo Sayyid Said. Kati ya zawadi ile na kuzama huku imo habari nzima ya jinsi nguvu ya bahari ilivyotutoka mikononi.

Zipo njia nyingi za kuwafundisha watoto wetu habari hiyo. Wiki hii, katika ukurasa huu wa familia, tunapendekeza njia moja ambayo haijazoeleka sana miongoni mwetu: kuunda nyumbani, kwa mikono, mfano mdogo wa meli ya Glasgow kwa vipimo sahihi, na kuuweka mahali ambapo watu watauona na kuusoma. Tunaipendekeza kwa sababu mfano wa meli haupokei maneno matupu. Anayesimulia anaweza kuliruka asilolijua, na msikilizaji asitambue. Anayeunda hawezi, kwani pale aliporuka patabaki tundu.

Meli iliyoagizwa baada ya kimbunga

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Minazi na mikarafuu iling'olewa, na meli za Sultani Barghash bin Said zilizokuwa zimetia nanga bandarini ziliangamia. Mwaka uliofuata ukafika ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na Sir Bartle Frere, kumtaka Sultani aikomeshe biashara ya watumwa ya baharini. Kwanza alikataa. Baadaye, mbele ya tishio la kuzingirwa kwa manowari, alitia saini mkataba mwezi Juni 1873, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Katika mwaka huo manowari ya Uingereza yenye jina la Glasgow ilifika Zanzibar. Sultani, ambaye bandari yake ilikuwa tupu, aliagiza meli ya kufanana na hiyo kwa umbo, na hata jina ikapewa hilo hilo.

Kazi ilifanywa na kiwanda cha William Denny na nduguze, katika mji wa Dumbarton huko Uskoti, na meli ikashushwa majini mwaka 1878. Mifupa yake ilikuwa ya chuma na ubavu wake wa mbao za msaji. Ilikuwa na milingoti mitatu na injini ya mvuke. Silaha zake zilikuwa mizinga saba midogo, kila mmoja wa kurusha kombora la ratili tisa, yaani kama kilo nne, pamoja na bunduki moja ya mtombo ya Gatling. Silaha hizo zilikuwa zawadi ya Malkia Victoria. Meli haikumpendeza Sultani kama alivyotarajia, na kwa muda mwingi wa maisha yake ilikaa juu ya nanga mbele ya kasri, ikiwa pambo zaidi kuliko silaha.

Mwaka 1883, miaka mitano baada ya Glasgow kushushwa majini, kiwanda hicho cha Dumbarton kilijenga birika refu la maji la kujaribia mifano midogo ya meli. Mifano hiyo ilitengenezwa kwa nta, ikavutwa majini na kupimwa, ndipo meli yenyewe ikaundwa. Birika hilo limehifadhiwa hadi leo kama makumbusho. Basi mzazi asione haya kukaa na wanawe kuunda meli ndogo. Walioziunda zile kubwa walianza na ndogo.

Skeli

Hatua ya kwanza ni kuchagua skeli. Katika skeli ya 1:100, kila mita moja ya meli inakuwa sentimita moja ya mfano. Mtu wa sentimita 170 anakuwa milimita 17. Ubao wa sitaha wenye upana wa sentimita 20 unakuwa milimita 2, na kamba yenye unene wa sentimita 3 inakuwa uzi wa milimita 0.3, yaani uzi wa kawaida wa cherehani. Hesabu hizi zifanywe na watoto wenyewe. Mwanafunzi anayelalamika darasani kwamba uwiano hauna faida ataiona faida yake pale mlingoti utakapotoka mfupi kwa sababu alikosea sifuri moja.

Tunashauri kwamba Glasgow isiundwe peke yake. Nyuma yake uwekwe umbo la St George, manowari iliyokuwa na bendera ya Admeri Harry Rawson siku ile ya vita, likiwa limekatwa katika ubao mwembamba kwa skeli ile ile na kupakwa rangi moja tu, kama kivuli. St George ilishushwa majini mwaka 1892 katika mji wa Hull, ikiwa ya chuma cha pua, yenye urefu wa mita 118 hivi. Kwa skeli ya 1:100 kivuli hicho kitakuwa na sentimita 118, ambazo ni nyingi kwa meza ya nyumbani. Kwa skeli ya 1:200 kitakuwa sentimita 59, na hapo kabati la kawaida linatosha. Miongoni mwa mizinga yake, miwili mikubwa ilirusha makombora ya kilo 170 na zaidi kila moja. Mwekee mtoto kilo nne za mchele upande mmoja, kisha mwambie awaze magunia mawili yaliyojaa upande wa pili. Hatahitaji maelezo mengine kuhusu kilichotokea.

Daftari la fundi

Kabla ya kukata ubao wowote, fundi akusanye picha na michoro. Zipo picha zilizopigwa baada ya vita vya 1896 zinazoonyesha kasri lililobomoka, na katika bandari milingoti ya Glasgow ikiwa imechomoza juu ya maji. Kutokana nazo yanapatikana mengi kuhusu milingoti na kamba zake. Yapo pia ambayo picha haziyaonyeshi. Hapo fundi atazame meli nyingine za aina hiyo na za wakati huo, kisha akadirie.

Hapa tunakumbusha jambo ambalo Waislamu tunapaswa kulijua kuliko wengine. Wanazuoni wa Hadithi hawakuipokea habari mpaka wajue imetoka kwa nani, na huyo naye aliipata kwa nani. Fundi naye awe na daftari lenye safu tatu: sehemu ya meli, chanzo cha habari yake, na kiwango cha uhakika. Palipo na picha, aandike picha. Palipo na kisio, aandike kisio. Mtoto atakayezoea kuandika neno kisio pasipo haya atakuwa mtu mzima asiyesambaza kila linalomfikia katika simu yake.

Mkuku, mataruma na mbao

Kazi yenyewe hufuata mpango ule ule ambao mafundi wa majahazi wameufuata katika kila bandari ya Pwani. Ulazwe kwanza mkuku, ambao ni kipande kimoja cha mbao ngumu iliyonyooka. Juu yake yasimamishwe mataruma yaliyokatwa katika ubao wa plaiwudi wa milimita tatu, yakiachana kwa sentimita mbili au tatu, kila moja likifuata mchoro wa mkato wake. Omo na shetri huhitaji subira zaidi, kwa kuwa hapo ndipo umbo linapobana.

Kisha zije mbao za ubavu: vipande vyembamba vya unene wa milimita moja na upana wa milimita nne au tano. Vilowekwe katika maji ya vuguvugu ili vikubali kupinda, na vibandikwe kwa zamu, kimoja kulia na kimoja kushoto. Anayemaliza upande mmoja kabla ya mwingine ataukuta mkuku umejikunja. Ubavu ukikauka, upigwe msasa mpaka kidole kisihisi kiungo, kisha upakwe rangi kwa tabaka nyepesi nyingi badala ya moja nzito.

Mizinga saba inaweza kutengenezwa kwa vijiti vya mishikaki vilivyochongwa na kupigwa msasa. Milingoti ipunguzwe unene kadiri inavyopanda. Nyuzi zote zipitishwe kwanza juu ya kipande cha nta ili vinyweleo vyake vilale. Kamba zilizoshikilia milingoti ziwe nyeusi, na zile za kupandishia matanga na foromali ziwe za rangi ya katani. Ufungaji uanze katikati na kuelekea nje, ili mkono usigonge kilichokwisha kufungwa.

Katika kazi hii kila mmoja ana sehemu yake. Visu na misumeno iwe mikononi mwa wakubwa, na rangi ipakwe mahali penye hewa. Mdogo kabisa apewe msasa. Mwenye mkono mtulivu, akiwa binti au kijana, apewe kamba. Babu au bibi aliyewahi kuyaona majahazi yakipandisha matanga aulizwe majina ya kila kitu, nayo yaandikwe, kwa sababu maneno kama henza, dasturi na galme yanazidi kupungua midomoni mwetu. Kuhusu swala, kazi hii haina udhuru wowote: gundi ya mbao inahitaji muda wa kushika, na muda huo unatosha kutawadha, kuswali na kurudi.

Je, sharia inasemaje?

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza kama kuunda mfano wa namna hii kunaingia katika makatazo ya kutengeneza masanamu. Meli ni kitu kisicho na roho, na inajulikana kwamba Ibn Abbas (r.a.) alimwelekeza mtu aliyeishi kwa kazi ya picha ashike kuchora miti na visivyo na roho. Tena Qur'ani Tukufu inatueleza kwamba Nabii Nuh (a.s.) aliamrishwa kuunda jahazi, na wakubwa wa kaumu yake wakamcheka kila walipompitia, na katika Sura ya Al-Qamar jahazi hilo linatajwa kwa mbao zake na misumari yake. Ufundi wa meli si jambo geni katika dini yetu.

Suala linabaki kwa wanadamu wadogo ambao baadhi ya mafundi huwasimamisha juu ya sitaha. Wanazuoni wengi wamekataza kuunda sanamu za wenye roho, ingawa wapo walioruhusu vitu vya kuchezea watoto kutokana na Hadithi ya Bi Aisha (r.a.) na wanasesere wake. Ushauri wetu ni kuiacha sitaha wazi. Ukubwa wa meli unaweza kuonyeshwa kwa ngazi na milango yake. Lililo zito zaidi ni niya. Anayeunda ili afundishe ana ujira wake inshaallah, na anayeunda ili ajigambe kwa wageni, au anayetumia fedha za chakula cha familia kununulia rangi, ajihesabu mwenyewe.

Bendera ipi?

Meli ikikaribia kukamilika, litakuja swali gumu kuliko yote ya ufundi: mlingotini ipandishwe bendera gani?

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki dunia. Siku hiyo hiyo Khalid bin Barghash, mjukuu wa Sayyid Said, aliingia kasrini na kujitangaza Sultani bila ya ridhaa ya Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya yao. Walimpa muda wa kuondoka mpaka saa tatu kamili asubuhi ya tarehe 27. Hakuondoka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ya manowari ilianza kulipiga kasri. Glasgow, meli pekee ya kivita ya Zanzibar, iliifyatulia St George kwa mizinga yake ya ratili tisa, ikajibiwa, ikaanza kuzama. Mabaharia wake walipandisha bendera ya Uingereza kuonyesha kuwa wamesalimu amri, na mashua za Waingereza zikawaokoa. Ilipokaribia saa nne kasoro dakika 20, bendera ya Sultani juu ya kasri ilikuwa imeangushwa na vita vimekwisha.

Basi siku hiyo meli moja ilibeba bendera mbili: ile nyekundu ya Sultani, na ile ya aliyeizamisha. Fundi anaweza kuichagua Glasgow mpya ya mwaka 1878, au Glasgow ya alfajiri ya mwisho, au akaunda milingoti tu iliyochomoza juu ya maji, kama ilivyobaki mbele ya mji kwa miaka mingi mpaka mabaki yake yalipovunjwa mwaka 1912. Sisi tungechagua ile ya alfajiri, na bendera nyekundu, na ya pili itajwe katika maandishi. Mwingine anaweza kuchagua vingine. Muhimu ni kwamba familia ikae na kulijadili jambo hili, kwa kuwa mjadala huo ndio somo lenyewe.

Maandishi chini ya meli

Mfano uliokamilika uwekwe katika sanduku la kioo, mbali na jua linalopausha rangi na mbali na ukuta wenye unyevu. Unaweza kukaa sebuleni, au ukaazimwa madrasa au shule wakati wa maonyesho. Makumbusho ya Lamu yana mifano ya vyombo vya baharini inayowavutia wageni na wenyeji, na katika ua wa ndani wa Beit al-Ajaib uliwekwa mtepe ulioundwa upya kwa ukubwa wake wa kweli. Lakini sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na roho za watu zikapotea. Kumbukumbu inayotegemea jengo moja inaweza kuanguka nalo. Inapokuwa pia katika nyumba nyingi, kuifuta ni kazi kubwa zaidi.

Chini ya mfano yawepo maandishi mafupi, na hapa ndipo ukweli unapohitajika kuliko kwenye mkuku. Si haki kuandika fahari ya masultani na kuyaacha machungu ya waliokuwa chini yao. Tunapendekeza maneno kama haya: Glasgow, meli ya Sultani wa Zanzibar. Iliundwa Dumbarton, ikashushwa majini 1878. Ilizamishwa 27 Agosti 1896, mabaharia wake wakaokolewa. Katika kasri walikuwamo watetezi, watumishi na watumwa. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa Zanzibar walikadiriwa kuwa 500. Upande wa Uingereza alijeruhiwa mmoja.

Msomaji akitoka katika namba 500 na kuitazama namba moja, kisha akainua macho kukitazama kile kivuli cha St George, atauliza: ilikuwaje? Mzazi awe tayari kwa jibu. Sababu haikuwa uchache wa ushujaa. Liverpool ya Sayyid Said iliundwa Bombay, na Glasgow ya Sayyid Barghash iliundwa Dumbarton. Mafundi wetu waliendelea kuunda mitepe na majahazi kwa ustadi mkubwa, lakini chuma, mvuke na mizinga vilinunuliwa au vilitolewa zawadi, na elimu ya kuviunda ikabaki kwa muuzaji. Aliyenunua alimiliki meli. Aliyeunda alimiliki meli na ile itakayofuata. Mwaka 1896 aliyetoa mizinga saba ya zawadi alijua vyema mizinga hiyo inaweza kufanya nini na haiwezi kufanya nini.

Mfano wa nusu mita hauwezi kuyarudisha yaliyopita, wala si kazi yake kuchochea chuki dhidi ya yeyote. Kazi yake ni kumfanya mtoto ajue, kwa vidole vyake, kwamba kila kitu kikubwa anachokistaajabia kiliundwa na watu waliopima, wakakosea, wakapima tena. Tunamwomba Allah (s.w.) awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa na mikono yenye subira. Na kwa familia itakayoanza kazi hii katika likizo ijayo, tunakumbusha jambo moja la mwisho: daftari la fundi lihifadhiwe ndani ya lile sanduku la kioo, chini ya meli, ili atakayekuja baadaye ajue lipi lilikuwa hakika na lipi lilikuwa kisio.